Binti wa Msoma Mita

Katika miaka ya 1920, Baraza la Mji wa Nairobi lilikuwa na karani mmoja Mwafrika aliyepita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji. Mshahara wake ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, fedha ambazo Waafrika wachache wa wakati ule waliwahi kuzishika. Aliitwa Johnstone Kenyatta. Huko Dagoretti alikuwa na nyumba iliyokuwa duka papo hapo, maarufu kwa jina la Kinyata Stores, na humo aliishi na mkewe, Grace Wahu, na mwana wao wa kwanza, Peter Muigai. Februari 1928 wakapata binti. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, hivyo mtoto akaitwa Wambui. Kanisani alikuwa Margaret.

Mwaka huohuo baba aliacha kazi ya mita, akawa katibu wa chama cha Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Hakuna aliyeweza kudhani kwamba miaka 42 baadaye kitoto kile cha Dagoretti kingekuwa meya wa baraza lilelile.

Maisha ya Margaret Wambui Kenyatta husimuliwa kwa kifupi sana, na karibu kila mara husimuliwa kwa kupitia wanaume wa ukoo wake: binti wa Rais wa kwanza wa Kenya, dada wa Rais wa nne, Uhuru Kenyatta. Hata jina lenyewe limemfunika, kwani kizazi cha sasa kikisikia Margaret Kenyatta humfikiria mke wa Uhuru. Lakini mwanamke huyu alikuwa diwani, naibu meya, meya wa jiji kuu kwa miaka sita, balozi, mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa dunia, na kamishna wa uchaguzi. Ni kweli kabisa kwamba jina lilimfungulia milango. Hilo halina haja ya kufichwa. Swali lenye uzito ni alifanya nini alipokwisha kuingia.

Kwanza, baba mwenyewe. Watu hudhani alilelewa mapajani mwa kiongozi mkuu. Sivyo. Kenyatta alisafiri kwenda London mwaka 1929, Margaret akiwa na mwaka mmoja tu. Akarejea mwaka uliofuata, akakaa miezi kadhaa, akaondoka tena 1931, na safari hiyo hakurudi mpaka Septemba 1946. Aliyemwacha ana miaka mitatu alimkuta msichana wa miaka 18. Kazi ya malezi yote ilikuwa ya Grace Wahu, kule Dagoretti, kwa miaka 15 ya kungoja mtu ambaye hakuna aliyejua atarudi lini. Mama huyo aliishi hadi 2007, na historia imemtaja kidogo kuliko anavyostahili.

Margaret alisoma katika shule ya misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, kisha akaingia Alliance High School. Siku hizi Alliance ni shule ya wavulana, na wengi wangeshangaa kusikia kwamba msichana alipita hapo. Ukweli ni kwamba kabla ya shule ya upili ya wasichana Waafrika kufunguliwa jirani mwaka 1948, Alliance ilipokea wasichana wachache waliochanganyika na wavulana, na Margaret alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo alizoea mapema kuwa mwanamke mmoja au wawili katika chumba kilichojaa wanaume.

Kutoka huko alikwenda Githunguri. Chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichoanzishwa na Mbiyu Koinange mwaka 1939, kilikuwa tegemeo la shule huru za Wakikuyu, yaani shule zilizojengwa kwa michango ya wanakijiji waliokataa kusomesha watoto wao chini ya masharti ya wamisionari. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza ndiye aliyekiongoza, na binti yake alifundisha hapo tangu 1948. Katika miaka hiyo minne ndipo baba na binti walipofahamiana hasa, wakiwa wafanyakazi wa mahali pamoja. Wakati huohuo Margaret alijiunga na chama cha Kenya African Union.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Kenyatta pamoja na viongozi wenzake. Githunguri ikafungwa. Pale walipofunzwa walimu pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Kesi ya Kapenguria ilimalizika Aprili 1953 kwa hukumu ya miaka saba na kazi ngumu, na mzee akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa katika nchi kame ya Turkana.

Kwa Margaret, binti wa mtu aliyetajwa na serikali kuwa kiongozi wa uasi wa Mau Mau, hiyo ilikuwa miaka ya kujitafutia riziki Nairobi mbele ya macho ya askari. Alifanya kazi za hapa na pale. Kati yake na gereza palikuwa na barua, zilizosomwa na kukaguliwa na maofisa kabla ya kufika, na kwa njia hiyo alikuwa kiungo kikubwa kati ya mfungwa na jamaa zake. Baba alihamishiwa Lodwar mwaka 1959, kisha Maralal Aprili 1961, na Agosti mwaka huo akarudishwa nyumbani Gatundu. Kufikia hapo Margaret alikuwa tayari amejitumbukiza katika kazi za chama kipya cha KANU.

Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, aliingia katika Baraza la Jiji la Nairobi akiwa diwani wa Dagoretti. Angeweza kuchagua njia nyingine. Binti wa Rais angepewa cheo cha heshima kisicho na jasho, cha kukata utepe na kupokea mashada ya maua. Udiwani hauko hivyo. Diwani hukutana na mtu aliyekosa maji kwa wiki mbili, mama ambaye mwanawe hana nafasi shuleni, mchuuzi aliyenyang'anywa sukuma wiki na askari wa kanjo. Margaret alikaa katika kazi hiyo miaka saba kabla ya kuwa meya. Mwaka uliofuata uhuru, aliongoza pia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, lililoundwa 1964, akiwa mwenyekiti hadi 1966. Ni baraza hilohilo ambalo mwaka 1977, kwa wazo la Wangari Maathai, lilianza kupanda miti na kuzaa Vuguvugu la Mkanda wa Kijani.

Hakuwa mwanamke wa kwanza nchini kuwa meya. Kisumu, mwalimu Grace Onyango alikuwa ameshika umeya tangu 1965, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika hapo, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni. Huko Freetown, Sierra Leone, Constance Cummings-John alikuwa meya mwaka 1966. Hawa ni wanawake wa rika moja katika historia, na wote watatu walipitia ualimu. Katika makoloni ya Waingereza, darasa lilikuwa karibu mahali pekee ambapo mwanamke Mwafrika aliruhusiwa kusimama mbele ya watu na kusema.

Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1950, na kwa miaka 12 ya mwanzo umeya ulishikwa na wasio Waafrika. Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza mwaka 1962, akafuatwa na Isaac Lugonzo 1967. Meya hakuchaguliwa na wananchi. Madiwani ndio waliopiga kura ndani ya Ukumbi wa Jiji, kwa hiyo aliyetaka kiti hicho ilimbidi awapate wanasiasa mmoja mmoja, kata kwa kata. Margaret alikuwa naibu meya mwaka 1969, mwaka mchungu kwa Nairobi. Julai, waziri Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya mji, na nchi ikagawanyika kwa uchungu na kushukiana. Mwaka uliofuata madiwani walimpa Margaret kiti, naye akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meya wa jiji hilo. Alikuwa na miaka 42.

Alirithi jiji lililokuwa likifumuka. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286. Ile ya 1979 ikahesabu 827,775. Chini ya ukoloni Mwafrika alihitaji kibali ili kuishi Nairobi. Uhuru ulipoondoa vizuizi hivyo, watu walikuja kwa miguu, kwa lori na kwa treni, wakitafuta kazi ambazo hazikutosha na nyumba ambazo hazikujengwa. Bonde la Mathare likajaa mabanda ya mbao na udongo. Wanawake wengi wa huko, wakilea watoto peke yao, waliishi kwa kupika pombe ya busaa na kukimbizana na polisi.

Hapa ndipo penye doa kubwa la baraza lake, nalo halifai kupitwa kimya. Mwaka 1970 Baraza la Jiji lilibomoa maelfu ya vibanda na kuwaacha makumi ya maelfu ya watu bila pa kulala. Sababu zilizotolewa zilikuwa afya na usafi wa jiji. Sera hiyo ilikuwapo kabla ya Margaret kuvaa mkufu wa umeya, lakini haikukoma alipouvaa. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya ambayo imekuwa maarufu ulimwenguni. Ripoti hiyo ilisema kwamba mafundi wa jua kali, wachuuzi na wajenzi wa vibanda si uchafu wa kufagiliwa: wanazalisha, wanaajiri, wanafundishana kazi. Ikaitaka serikali iache kubomoa na kuwasumbua. Nairobi ndiyo iliyokuwa mbele ya macho ya waandishi wake.

Jibu lililokuja lilikuwa Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha za mradi wa viwanja 6,000 upande wa mashariki wa jiji, chini ya usimamizi wa Baraza la Jiji. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi na, kwa wakati ule, la kijasiri. Badala ya kujenga nyumba chache ambazo maskini hawawezi kuzilipia, baraza lingepima viwanja, kuleta barabara, maji na mifereji ya maji machafu, na kujenga choo na bafu tu. Mwenye kiwanja angekopeshwa vifaa, kisha angejijengea vyumba polepole kwa kadiri ya uwezo wake. Kutoka kubomoa mwaka 1970 hadi kuwagawia watu wa kipato cha chini viwanja mwaka 1975 ni mwendo mrefu kwa baraza moja, na ulitembewa meya akiwa huyohuyo. Margaret hakuubuni mradi huo peke yake. Ulikuwa wa wataalamu, wizara na wakopeshaji. Lakini baraza aliloliongoza ndilo lililoupokea.

Dandora haikubaki ndoto safi. Wengi waliopata viwanja walijenga vyumba vya kupangisha na wao wakaendelea kuishi kwingine, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 machimbo ya zamani karibu na mtaa huo yakaanza kupokea taka za jiji zima. Mwaka 2007, uchunguzi uliogharimiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliwapima watoto 328 wa eneo hilo na kukuta kwamba karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi mwilini kupita kiwango kinachokubalika. Dampo lililofunguliwa kama jambo la muda lilikuwa limekula utoto wa vizazi viwili.

Fedha nazo zilikuwa tatizo la kudumu. Mwaka 1970 serikali kuu ilizinyang'anya halmashauri za wilaya shule za msingi, afya na barabara. Manispaa kubwa, Nairobi ikiwamo, ziliachiwa kazi hizo, na gharama zake. Kisha ile kodi ya kichwa iliyopandishwa kwa kadiri ya kipato, tegemeo kubwa la mapato ya baraza, ikafutwa, na kufikia 1974 haikuwapo tena. Meya alibaki na shule, zahanati na barabara za jiji linaloongezeka kila mwezi, na mkoba mwembamba.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha vizuri ugumu wa kuwa meya na binti wa Rais kwa wakati mmoja. Tangu 1966 Baraza la Jiji lilimiliki robo ya hisa za kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Services, na kampuni hiyo ilikuwa na haki ya pekee ya kubeba abiria mjini. Matatu zilikuwapo, lakini kwa kujificha. Mwaka 1973 Rais Kenyatta alitamka kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu. Kwa neno moja la Ikulu, haki ya pekee ya kampuni ya baraza ilitobolewa. Kwa wananchi wa Kawangware na Kariobangi tamko hilo lilikuwa ukombozi, na binafsi naona mzee alikuwa amewaona watu ambao baraza halikuwaona. Lakini kwa meya ilikuwa ishara wazi ya mahali mamlaka yalipo. Yeyote anayedhani kwamba undugu ule ulimpa Margaret uwezo wa kuendesha Nairobi atakavyo, afikirie mwaka huo.

Mwaka 1973 ulikuwa pia mwaka wa fahari. Septemba, jengo la mikutano la Kenyatta, lenye ghorofa 28, lililochorwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na Mkenya David Mutiso, lilifunguliwa rasmi. Wiki chache baadaye magavana wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikutana humo, na rais wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, akatoa hotuba yake juu ya umaskini wa vijijini ambayo bado hutajwa. Mwaka uliotangulia, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekata shauri kwamba shirika jipya la mazingira, UNEP, liwe na makao yake makuu Nairobi, la kwanza la ngazi hiyo kuwekwa katika nchi inayoendelea. Ofisi za mwanzo za UNEP zilikuwa ndani ya jengo hilohilo. Meya aliyewapokea wageni hao wote alikuwa mwanamke, wakati ambapo wengi wa wageni wenyewe walitoka miji isiyowahi kuwa na meya mwanamke.

Alitoka kitini mwaka 1976, na Andrew Ngumba akafuata. Margaret akawa mwakilishi wa kudumu wa Kenya katika UNEP, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi. Baba alifariki Agosti 1978. Wengi waliokuwa karibu na Kenyatta walipotea katika siasa baada ya hapo. Margaret hakupotea, na jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake ya utumishi lilikuwa bado mbele.

Julai 1985 Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa wa kufunga Muongo wa Wanawake. Wajumbe wa serikali 157 walikaa katika jengo la Kenyatta kuanzia tarehe 15. Chuo Kikuu cha Nairobi, umbali wa kutembea kwa miguu, kilijaa wanawake wapatao 14,000 wa jukwaa la mashirika yasiyo ya kiserikali, lililoongozwa na Dame Nita Barrow wa Barbados. Walijadili chini ya miti, kwenye nyasi, katika madarasa: maji, kuni, deni la nje, ubaguzi wa Afrika Kusini, Palestina, kukeketwa kwa wasichana. Kwa wanawake wa kawaida wa Kenya ilikuwa mara ya kwanza kuona dunia ikija kwao badala ya wao kuisikia redioni. Wajumbe walimchagua Margaret Kenyatta kuwa rais wa mkutano mkuu.

Kiti hicho kilikuwa cha moto. Mkutano wa kwanza, Mexico City mwaka 1975, na wa pili, Copenhagen 1980, yote miwili ilimalizika kwa kura na mgawanyiko, kwa kuwa hati zake zililinganisha Uzayuni na ubaguzi wa rangi, na Marekani pamoja na wengine wakazikataa. Nairobi hali ilikuwa ileile. Ujumbe wa Marekani, ukiongozwa na Maureen Reagan, binti wa Rais Reagan, ulikuwa tayari kuondoka kama neno hilo lingebaki. Nchi za Kiarabu na Umoja wa Kisovieti hazikutaka liondolewe. Mazungumzo yalivuka siku ya mwisho. Hatimaye Kenya ilipendekeza aya yenye ugomvi itaje aina nyingine zote za ubaguzi wa rangi bila kutaja Uzayuni, na usiku wa manane, tarehe 27 ikiwa imeshaingia, hati nzima yenye aya 372 ilipitishwa kwa maafikiano. Ndiyo ile Mikakati ya Nairobi iliyokuwa msingi wa mkutano wa Beijing miaka kumi baadaye.

Mabinti wawili wa marais walikuwa katika ukumbi ule, mmoja akiongoza ujumbe wa taifa lenye nguvu kuliko yote, mwingine akishika nyundo. Aliyeshika nyundo alikuwa amejifunza kazi hiyo katika Ukumbi wa Jiji la Nairobi, kati ya madiwani waliogombania viwanja, masoko na nafasi za kazi. Mtu aliyezoea kuvumilia vikao vya namna hiyo kwa miaka 13, akijua nani wa kuachwa aseme mpaka achoke na nani wa kuitwa pembeni, haogopi mabalozi.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi, aliteuliwa kamishna katika Tume ya Uchaguzi ya Kenya. Alikuwamo kuanzia 1992, katika chaguzi mbili zilizogubikwa na malalamiko na, katika maeneo kadhaa, damu. Aliondoka mwaka 2002, mwaka ambao nduguye wa baba mmoja, Uhuru, aligombea urais kwa mara ya kwanza na kushindwa na Mwai Kibaki. Alifariki Aprili 5, 2017, akiwa na miaka 89, nduguye akiwa Ikulu.

Umeya wenyewe ulikufa kabla yake. Katiba ya 2010 iliuondoa, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Nairobi ikawa kaunti yenye gavana. Ann Kananu aliapishwa Novemba 2021 kuwa gavana wa kwanza mwanamke wa Nairobi, miaka 45 tangu Margaret alipotoka kitini, lakini naye hakupitia sanduku la kura. Aliteuliwa naibu, kisha akapanda baada ya gavana aliyekuwapo kuondolewa. Margaret alichaguliwa na madiwani. Hadi uchaguzi wa 2022, wapiga kura wa Nairobi walikuwa hawajapata kumchagua mwanamke moja kwa moja kuongoza jiji lao.